Fungu la sokoni, kikapu cha bustani au rafu yenye lebo: ulinganisho kwa mnunuzi wa mboga Lubumbashi

Familia nyingi za Lubumbashi zinazotaka kula mboga zilizolimwa bila kuharibu udongo wala afya hukwama mahali pamoja: zinakubali kwamba mboga hizo zinastahili bei ya juu kidogo, lakini hazijui bei hiyo ya ziada inalipia nini hasa. Muuzaji mmoja anasema mboga zake ni za bio, yaani za kilimo hai, wa pili anasema zimetoka mbali na viwanda, wa tatu anaonyesha pakiti ya plastiki iliyochorwa jani la kijani. Wote wanaomba faranga zaidi ya jirani yao, na kila mmoja anauza jambo tofauti.

Makala hii inalinganisha njia nne za kupata mboga mbichi mjini: fungu la sokoni, mkulima mwenyewe bustanini, rafu ya supamaketi yenye lebo, na bustani ya nyumbani. Msimamo wangu niuseme mapema. Nyongeza ya bei inafaa pale inaponunua jambo ambalo wewe mwenyewe, au mtu unayemwamini, mnaweza kulithibitisha. Ikipita hapo inakuwa zawadi kwa muuzaji, na kutoa zawadi si vibaya, ila ni vizuri mtoaji ajue kwamba anatoa.

Vigezo kabla ya bei

Kigezo cha kwanza ni bei halisi, yaani bei ya kile kinachoingia chunguni. Fungu la lengalenga (mchicha) lenye mashina marefu na mizizi yenye tope linaweza kuonekana rahisi kuliko fungu dogo lililochambuliwa, na bado likawa ghali zaidi baada ya kuondoa visivyoliwa. Kwenye bei hiyo ongeza nauli, muda wako, na mboga zinazooza kabla ya kupikwa.

Kigezo cha pili, udongo na maji, kina uzito wa pekee katika mji huu, na ndicho kinachosahauliwa zaidi na wanaozungumzia bio. Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, wakati wa Union Minière du Haut-Katanga. Kwa miongo mingi moshi wake ulibebwa na upepo unaovuma hasa kutoka kusini-mashariki, ukatua upande wa kaskazini-magharibi, ambako mtaa wa Penga-Penga unajulikana hadi leo kwa sehemu za ardhi tupu na udongo wenye shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimiamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamepima udongo na mboga za bustani za mji huu, na wamekuta mboga za majani zilizopita viwango vinavyokubalika vya madini hayo. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kobalti kwa viwango vya juu mno katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini, na tafiti zilizofuata zilitaja vumbi na mboga zinazolimwa hapohapo kuwa miongoni mwa njia ambazo kobalti hiyo huingilia mwilini.

Kwa kulinganisha, kanuni za chakula za Codex, zinazosimamiwa na FAO pamoja na Shirika la Afya Duniani, zinaruhusu katika mboga za majani miligramu 0,3 za risasi na miligramu 0,2 za kadimiamu kwa kila kilo. Hicho ni kiasi ambacho jicho, pua wala ulimi haviwezi kukigundua. Kuosha kunaondoa vumbi lililotua juu ya majani, na kwa mji wenye vumbi kama wetu hilo si jambo dogo, lakini hakuondoi kilichonyonywa na mizizi. Na kupika muda mrefu hakuyachomi madini. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Hapo ndipo neno bio linapoweza kupotosha bila mtu yeyote kusema uongo. Mkulima asiyetumia hata tone la dawa ya dukani, anayeweka mboji nzuri na kupanda kwa zamu, anaweza kuwa analima kwenye ardhi iliyopokea moshi wa tanuru kwa miaka themanini. Mwingine, kilomita nyingi kutoka hapo, ana udongo safi na anapiga dawa kila wiki. Mnunuzi anayeuliza swali moja tu, «ni bio?», atamlipa wa kwanza zaidi na kumkimbia wa pili, na huenda amekosea kwa watoto wake.

Kigezo cha tatu ni dawa na mbolea: kinachopulizwa, mara ngapi, siku ngapi kabla ya kuvuna, na samadi imeoza kiasi gani kabla ya kuwekwa tutani. Cha nne ni uthibitisho: nani ameona, na je, anaweza kuulizwa tena? Wanauchumi wana maelezo mazuri kuhusu hili. Mwaka 1970 Phillip Nelson alitofautisha bidhaa ambazo ubora wake huonekana kabla ya kununua na zile ambazo ubora wake hujulikana baada ya kutumia. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni wakaongeza kundi la tatu, la bidhaa ambazo hata baada ya kuzitumia mnunuzi hajui kama alipata alichokilipia. Upya wa lengalenga uko katika kundi la kwanza na utamu wake katika la pili. Lakini namna ilivyolimwa iko katika la tatu, na ndiyo sababu biashara ya mboga za bio inakufa au kusimama kwa uaminifu peke yake.

Viwili vya mwisho ni vyepesi kueleza: kama mboga zinapatikana mwaka mzima, na fedha unazoongeza zinamfikia nani.

Fungu la sokoni

Kwa bei, soko la komini ya Kenya, la Katuba au la Mzee Kabila katikati ya mji ni vigumu kushindwa. Ushindani ni mkubwa, mafungu yanaonekana yote kwa pamoja, na ukinunua kwa mama yuleyule kila mara ataongeza majani machache juu ya fungu bila kuombwa. Hakuna nauli ya ziada kwa anayeishi karibu, na unanunua kiasi cha siku moja tu, jambo linalopunguza mboga za kutupa katika nyumba isiyo na friji au ambayo umeme wake hauna hakika.

Kuhusu udongo na maji, hali ni ya mchanganyiko. Mboga huingia alfajiri juu ya baiskeli na pikipiki kutoka bustani nyingi zilizotawanyika, zinanunuliwa kwa jumla, zinagawanywa, zinafungwa upya kwa kamba ya ganda la mgomba, na kufikia saa mbili asubuhi meza moja inaweza kubeba lengalenga za pande tatu za mji. Si kweli, hata hivyo, kwamba muuzaji hajui lolote. Mara nyingi anajua bustani aliyonunua au mtu aliyemletea. Ila hajazoea kuulizwa, na swali likija katikati ya wateja linamchelewesha. Mmoja aliwahi kunijibu, mikono yake ikiendelea kunyunyiza maji juu ya shu, mboga za aina ya kabichi: «Papa, unataka mboga ao unataka bulongo?», yaani udongo. Nilipomweleza kwamba ni kwa ajili ya watoto, alitaja upande zilikotoka bila kusita. Wakati wa kuuliza ni mapema, kabla ya msongamano, na ni adabu kununua kwanza ndipo uulize.

Dawa ni jambo gumu zaidi kulijua hapa. Nyanya za msimu wa masika ni mfano mzuri, kwa sababu unyevunyevu huleta ugonjwa wa ukungu unaoweza kumaliza shamba kwa siku chache, na mkulima hujikinga kwa kupuliza mara kwa mara. Mancozeb ni miongoni mwa dawa za ukungu zinazotumika sana katika kilimo cha nyanya barani Afrika. Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoongeza muda wa idhini yake. Mabaki ya dawa za aina hii, zinazokaa juu ya ganda, hupungua kwa kuosha vizuri na kumenya. Wapo wanaotafuta majani yenye matundu wakidhani mdudu ni shahidi wa kutokuwepo kwa dawa, lakini shahidi huyo ni dhaifu: mdudu anaweza kula leo na dawa ikapulizwa kesho, na bustani isiyo na dawa yenye mkulima hodari hutoa majani mazima.

Uthibitisho, basi, ni mdogo, ingawa uhusiano wa muda mrefu na muuzaji mmoja huuongeza kuliko watu wanavyodhani. Upatikanaji ni bora kuliko njia zote. Fedha zinagawanyika kati ya mkulima, mchukuzi na mama wa meza, ambaye mara nyingi ndiye anayelipia shule ya watoto kwa faida ya mafungu hayo. Anayesema kwamba kumruka mchuuzi ni haki zaidi aangalie vizuri ni nani anamruka.

Njia hii inamfaa mwenye bajeti ya siku kwa siku, familia kubwa, na yeyote ambaye mahitaji yake ya kwanza ni wingi na aina mbalimbali za mboga.

Kwa mkulima mwenyewe

Bustani za pembezoni, pande za Kilobelobe, Kassapa na kwingineko katika komini ya Annexe, huuza kwa mtu anayekwenda, na wapo wakulima wanaopeleka kikapu nyumbani mara moja kwa wiki kwa makubaliano ya simu. Kwa bei, watu hukosea kwa pande zote mbili. Wengine hudhani bustanini ni rahisi daima. Wengine hudhani kikapu ni anasa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, fungu linauzwa faranga 1 000 sokoni na 1 300 bustanini, lakini la bustanini limekatwa asubuhi hiyo, halina mizizi, na linakaa siku mbili badala ya moja. Ukipima majani yaliyo tayari kupikwa, tofauti inaweza kutoweka kabisa. Ukiongeza nauli ya teksi ya kwenda na kurudi kwa mafungu mawili tu, inarudi kwa nguvu. Hesabu hiyo inakuwa na maana pale majirani kadhaa wanapoagiza pamoja.

Udongo na maji ndipo njia hii inapojitofautisha, kwa sababu ardhi iko mbele yako. Uliza bustani ilikuwa nini hapo awali. Angalia kama kuna kifusi cha mgodi au udongo ulioletwa kujaza shimo. Fuata mfereji wa maji hadi unakotoka: kisima kilicho mbali na choo ni jambo moja, na maji ya mto uliokwisha kupita mjini na kupokea yanayomwagwa humo ni jambo lingine. Angalia pia mimea ya porini iliyo kandokando. Katanga ina mimea inayostahimili shaba, na mmoja wao, Haumaniastrum katangense, kijimea cha msimu chenye maua madogo ya zambarau, hupenda udongo wenye shaba uliovurugwa, kiasi kwamba wataalamu wa mambo ya kale waliutumia kutafuta mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba. Ukiuona umejaa pembeni ya matuta, au ukiona uwanja mtupu ambao hata nyasi zinaukataa, usinunue mboga za majani hapo. Kutouona, kwa upande mwingine, hakuthibitishi kwamba udongo ni safi. Kipimo cha maabara tu ndicho kinachoweza kusema hivyo.

Kuhusu dawa, macho husaidia kuliko maswali. Chupa na vifuko vitupu vilivyotupwa kwenye mfereji vinaeleza historia ya bustani kuliko mdomo wa mwenyewe. Magunia ya samadi ya kuku ni ya kawaida na si ya kutilia shaka, lakini samadi mbichi iliyotandazwa juu ya saladi inayokua huleta vijidudu vya tumbo, na hilo ni hatari ya haraka kuliko mabaki mengi ya dawa. Mkulima anayeweza kukuonyesha rundo la mboji linalooza, akakuambia alilirundika lini na atalitumia lini, amekujibu maswali matatu kwa mara moja. Na anayekiri kwamba alipuliza dawa wiki iliyopita na kwamba tuta lile bado halijafikia siku za kuvunwa anastahili kuaminiwa kuliko anayeapa kwamba hajawahi kugusa dawa maisha yake yote.

Uthibitisho hapa ni mzuri siku ya kwanza na hupungua kadiri unavyoacha kwenda. Kikapu kinachofika mlangoni kwa miezi sita bila mtu kuitembelea bustani kimekuwa fungu la sokoni lenye bei ya juu. Dawa ya udhaifu huu inajulikana: ni ukaguzi shirikishi, ambapo wakulima na wanunuzi wanaandika masharti yao pamoja, wanatembeleana kwa zamu na kuweka majina ya waliotembelewa hadharani. Shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM, linautambua mfumo huu, na katika Afrika ya Mashariki unatumika Tanzania, Uganda na Kenya sambamba na kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo kiwango hicho si kitu cha majirani tu tena. Kwa kuanzia, hata parokia moja au kikundi cha likelemba, yaani cha kuchangiana fedha kwa zamu, kinaweza kufanya ziara kwa zamu bila kusubiri ofisi yoyote.

Upatikanaji una mapengo. Bustani nyingi hustawi kiangazi kwa kumwagilia. Mvua zikianza, mwezi wa Novemba hivi, wakulima wengi hugeukia mahindi na kikapu huwa chepesi. Fedha zako zinamfikia mkulima karibu zote, na hii ndiyo sehemu ambayo nyongeza ya bei inaweza kubadili jambo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 na mwingine wa mwaka 2014 ulikuta mavuno ya kilimo hai yakiwa pungufu kwa wastani wa asilimia 19 hadi 25 kuliko kilimo cha kawaida, ingawa takwimu nyingi zilitoka nchi tajiri. Palizi ya mkono nayo inataka watu. Bei ileile ya sokoni haiwezi kufidia hayo mawili.

Inamfaa mwenye muda wa kutembea, mwenye watoto wadogo, na kikundi cha majirani wanaoweza kugawana nauli na ziara.

Rafu yenye lebo

Katika supamaketi bei ni ya juu kuliko zote, na sehemu kubwa yake ni ya ubaridi, usafiri, ushuru na plastiki. Mboga zenye cheti cha kilimo hai zinazoonekana huko kwa kawaida zimetoka nje ya nchi. Ndani ya Kongo, vyeti vya kilimo hai vinavyojulikana zaidi ni vya kahawa na kakao za kuuzwa nje.

Kwa udongo na maji, umbali una faida yake: shamba la mbali halikupokea moshi wa tanuru letu. Ila cheti chenyewe hukagua namna ya kulima. Hakipimi kila pakiti. Kwa dawa na mbolea, hii ndiyo njia yenye masharti makali zaidi. Alama ya jani ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu mwaka 2010, na ile ya Marekani, iliyoanza mwaka 2002, zinakataza dawa na mbolea nyingi za viwandani. Kwa mazao ya msimu, sheria ya Ulaya inadai shamba lilimwe kwa masharti hayo miaka miwili kabla ya kupandwa zao litakalouzwa kwa jina la kilimo hai.

Uthibitisho ni wa kuaminika endapo alama ni ya kweli na ina namba ya mkaguzi. Maneno «asilia», «freshi» au «ya shambani» hayana mkaguzi nyuma yake, na kibandiko kilichochapwa mjini chenye neno bio pekee kina uzito uleule wa neno la mdomo. Tahadhari nyingine ni ya kawaida sana: nyanya au vitunguu vilivyopita mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa vikapangwa vizuri kwenye trei si vya kilimo hai kwa sababu tu vimefunikwa kwa karatasi nyororo. Wanunuzi wengi hulipia usafi wa muonekano wakidhani wanalipia kilimo.

Upatikanaji hutegemea mpaka, barabara na umeme wa friji, na majani laini hufika yamechoka. Lengalenga, matembele na sombe (majani ya muhogo), yaani mboga ambazo familia nyingi hula na bukari (ugali) karibu kila siku, ni nadra kuziona na cheti, kwa hiyo anayetegemea rafu peke yake anabadili pia chakula chake. Fedha nyingi zinaondoka nchini.

Inamfaa anayehitaji ushahidi wa maandishi, mwenye ugonjwa aliyeshauriwa na daktari kupunguza mabaki ya dawa, na mwenye kipato kisichoyumbishwa na bei ya pakiti.

Bustani ya nyumbani

Hii inahitaji maneno machache. Bei ni mbegu, maji na mgongo wako. Dawa unaijua kwa sababu ni wewe unayeamua, na kwa kigezo hicho hakuna cheti kinachoshinda macho yako mwenyewe. Upatikanaji ni mdogo lakini wa kila siku. Udongo, hata hivyo, ni uleule wa mtaa wako, na anayelima uani karibu na viwanda anaweza kuwa na mboga zisizo na dawa na zenye madini kuliko za soko lote. Katika uwanja wa aina hiyo ni bora kulima ndani ya magunia au masanduku yaliyojazwa udongo ulioletwa kutoka mahali panapojulikana. Mboji na chokaa, ambayo hupunguza asidi ya udongo, husaidia mmea kunyonya kadimiamu kidogo zaidi. Husaidia, lakini hazisafishi. Inamfaa mwenye uwanja mbali na vyanzo vya uchafuzi, au mwenye subira ya kubeba udongo.

Kupima uko tayari kulipa kiasi gani

Tafiti za bei zimeonyesha tena na tena kwamba watu wakiulizwa kama wangelipa zaidi kwa mboga safi hutaja kiasi kikubwa kuliko wanachotoa pochi ikifunguliwa. Si unafiki, swali lisilo na gharama hupata jibu lisilo na gharama. Kwa sababu hiyo, mwaka 1964 Gordon Becker, Morris DeGroot na Jacob Marschak walibuni utaratibu ambao mtu hutaja bei yake ya juu kabisa kwanza, kisha bei halisi huchaguliwa kwa bahati nasibu: ikiwa chini ya aliyotaja analazimika kununua kwa bei hiyo, ikizidi anakosa. Kwa njia hiyo hana sababu ya kujisifu wala ya kujificha.

Unaweza kutumia wazo hilo bila bahati nasibu. Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye simu bei ya juu kabisa utakayolipa kwa fungu lenye jambo moja mahususi, kwa mfano «lengalenga za bustani niliyoiona mwenyewe», halafu andika bei tofauti kwa fungu ambalo muuzaji anasema tu ni bio. Watu wengi wakiandika hivyo hugundua kwamba neno la muuzaji lina thamani ndogo sana machoni pao, na kwamba ziara ina thamani kubwa. Ni taarifa muhimu, maana sokoni wamekuwa wakilipa kinyume.

Jambo la pili ni kugawa nyongeza badala ya kuitawanya. Mboga za majani kama lengalenga na shu hukusanya madini kuliko mazao ya tunda au mbegu, kama nyanya, bilinganya, maharage na mahindi. Kwa hiyo faranga za ziada zielekee kwanza kwenye majani yanayoliwa kila siku, hasa na watoto, kisha, zikibaki, kwenye nyanya za masika kwa ajili ya dawa. Kitunguu kinaweza kubaki cha bei ya kawaida. Na wingi usipunguzwe kwa ajili ya lebo: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu mzima kwa siku, na familia inayopunguza mboga nusu ili inunue za bio imepoteza zaidi ya ilichopata.

Kulingana na hali yako

Ikiwa bajeti ni finyu na familia ni kubwa, baki sokoni, chagua wauzaji wawili au watatu wanaokubali kutaja zinakotoka mboga zao, epuka majani ya bustani zilizo upande ambako upepo ulipeleka moshi wa tanuru na kando ya viwanda, badilisha aina za mboga na mahali zinapotoka ili usile udongo mmoja mwaka mzima, na osha kwa maji yanayobadilishwa mara kadhaa.

Ikiwa kuna mtoto chini ya miaka sita au mama mjamzito nyumbani, weka udongo mbele ya dawa katika kuchagua. Lipa nyongeza kwa majani ya bustani uliyoitembelea, au iliyotembelewa na jirani unayemwamini, na acha mengine yote yatoke sokoni.

Ikiwa una ratiba ngumu lakini kipato cha kutosha, kikapu cha wiki kinafaa kwa sharti la ziara mara mbili kwa mwaka, moja kiangazi na moja masika, kwa kuwa bustani ileile hubadilika kabisa kati ya misimu hiyo. Wakati kikapu kinapokuwa chepesi mvua zikinyesha, jaza pengo sokoni kwa maharage na maboga kabla ya kukimbilia rafu.

Ikiwa unaishi Penga-Penga, karibu na kiwanda, au kwenye uwanja uliojazwa kifusi usichokijua, usianze na bustani ya uani ila ndani ya magunia yenye udongo wa nje.

Ikiwa unanunua kwa ajili ya kantini ya shule, mgahawa au hoteli, una nguvu ambayo mnunuzi wa fungu moja hana. Andikiana mkataba na bustani mbili badala ya moja, lipa sehemu mapema ili mkulima asilazimike kuvuna kabla ya siku za dawa kuisha, na ingiza katika mkataba gharama ya kupima udongo, maji na majani maabara kabla ya msimu wa kwanza. Gharama hiyo ikigawanywa kwa sahani za mwaka mzima huwa ndogo, na matokeo yake yanaweza kubandikwa ukutani ambapo wazazi na wateja wanayasoma.

Na ikiwa unachotaka hasa ni kumuunga mkono anayelima vizuri, hata kama huna uhakika wa faida kwa afya yako, mlipe mkulima moja kwa moja na kwa wakati, ukimwambia wazi kwamba nyongeza ni kwa ajili ya palizi ya mkono na mboji. Atajua ni kazi gani asiiache mwezi ujao.